Adolphe Sax, fundi aliyeitafuta sauti nzito maisha yake yote

Katika mtaa wa Nyakabiga, jijini Bujumbura, jua linapokaribia kuzama upande wa Ziwa Tanganyika, si ajabu kusikia redioni nyimbo za zamani kutoka Kongo. Katika nyingi ya nyimbo hizo, mwimbaji anaponyamaza, huingia ala moja yenye sauti inayokaribia ya binadamu: mara hulalamika, mara hucheka, mara hunong'ona. Ala hiyo ni saksafoni. Wengi wanaijua kwa sikio. Wachache wanafahamu kwamba jina lake limetokana na jina la mtu, kwamba mtu huyo alizaliwa katika ardhi ya Ubeligiji, nchi iliyokuja kuitawala Burundi, na kwamba saksafoni ya kwanza aliyowaonyesha watu haikuwa ile ndogo inayoning'inia leo shingoni mwa wanamuziki wengi. Lilikuwa bomba kubwa lenye sauti nzito.

Mtu huyo ni Antoine-Joseph Sax, aliyejulikana kwa jina la Adolphe. Zaidi ya miaka 130 imepita tangu afariki dunia, na bado wapo mafundi wanaoendeleza kazi aliyoianza upande wa sauti za chini. Maisha yake yalijaa ubunifu, kesi mahakamani, maradhi na madeni, na alifariki akiwa hana mali.

Mtoto aliyeponea chupuchupu

Sax alizaliwa tarehe 6 Novemba 1814 mjini Dinant, kando ya mto Meuse. Wakati huo taifa la Ubeligiji lilikuwa bado halijaundwa. Lilijitangazia uhuru mwaka 1830. Baba yake, Charles-Joseph Sax, alikuwa fundi wa ala za muziki. Familia ilihamia Brussels mtoto angali mchanga, na huko baba akateuliwa kuwa fundi wa ala wa Mfalme wa Uholanzi, aliyekuwa akiitawala nchi hiyo wakati huo. Adolphe alikuwa mkubwa wa watoto 11, na alikulia kwenye karakana, kati ya nyundo, tanuri na mabomba ya shaba.

Utoto wake uliandamwa na ajali. Wasimulizi wa maisha yake wanaeleza kwamba alianguka kutoka ghorofani na kugonga kichwa kwenye jiwe hadi watu wakamdhania amekufa. Kwamba alikunywa maji yenye tindikali akifikiri ni maziwa. Kwamba alimeza sindano, akaungua kwa mlipuko wa baruti, na siku moja akaopolewa mtoni akiwa hana fahamu. Inasimuliwa kuwa mama yake alikata tamaa ya kumwona akifikia utu uzima, na majirani wakazoea kumwita mzuka. Hata hivyo mtoto huyo aliishi na akajifunza kazi ya baba yake. Alipofika umri wa miaka 15 alikuwa tayari amepeleka kwenye mashindano filimbi na klarineti alizozitengeneza kwa mikono yake.

Jambo lililomtofautisha na mafundi wengi wa wakati wake ni kwamba alikuwa pia mpigaji hodari. Alisomea filimbi na klarineti katika chuo cha muziki cha Brussels. Kwa hiyo kasoro ya ala hakuisikia kwa kusimuliwa na mteja. Aliigundua mwenyewe alipoipuliza.

Pengo lililokuwa upande wa chini

Ili kuelewa kazi ya Sax, yafaa kwanza kufahamu upungufu alioukuta. Watu wa Burundi wanaujua umuhimu wa sauti inayobeba nyingine. Katika kundi la wapiga ngoma, ngoma za amashakwe hushikilia mdundo bila kukoma, na juu ya mdundo huo ngoma ya katikati, inkiranya, huongoza mchezo. Amashakwe zikinyamaza, kundi zima hupoteza mahali pa kusimama.

Bendi za kijeshi za Ulaya za miaka ya 1830 zilikuwa na tatizo la namna hiyo. Zilipiga muziki uwanjani, mahali pasipo na kuta za kurudisha sauti. Tarumbeta zilisikika mbali, lakini sauti za chini zilikuwa dhaifu. Ala iliyoitwa basuni ilipotea katika upepo. Nyingine, bomba la mbao lililopindwa kama nyoka, ilikuwa ngumu kupiga bila kukosea noti. Ofikleidi, bomba la shaba lenye vibonyezo, ilikuwa na nguvu, ila sauti yake ilikwaruza na haikuchangamana vizuri na ala nyingine.

Sax alianza na klarineti ya besi, yaani ile yenye sauti nzito. Ala hiyo ilikuwapo kabla yake, lakini mafundi walikuwa wakitoboa matundu yake mahali ambapo vidole vya mpigaji vingeweza kufika. Matokeo yake, matundu yalikuwa madogo mno na yalikaa pasipo mahali pake, na sauti ikatoka hafifu tena isiyo sawa. Sax aligeuza utaratibu huo. Alitoboa tundu pale sheria za sauti zilipotaka litobolewe, na kwa ukubwa uliotakiwa. Kisha akaunda vifuniko na vibonyezo virefu vya kuviwezesha vidole kulifikia kutoka mbali. Mwaka 1838, akiwa na umri wa miaka 23, alipata hataza ya klarineti hiyo, yaani hati ya serikali inayolinda haki ya mgunduzi. Klarineti za besi zinazopigwa leo katika okestra zinatokana na kazi hiyo.

Kanuni hiyo ndiyo iliyozaa saksafoni. Sax alichukua kipulizio cha klarineti chenye ulimi mmoja wa tete, akakiunganisha na bomba pana la shaba ya njano linaloanza jembamba na kupanuka taratibu hadi mdomoni, kama pembe la ng'ombe. Wakazi wa pwani ya Afrika Mashariki wanalifahamu umbo hilo, kwa kuwa zumari nayo hupanuka vivyo hivyo. Sax alishikilia kwamba kinachoipa ala tabia ya sauti yake hasa ni vipimo vya uwazi wa ndani ya bomba, wala si aina ya mti au madini iliyotengenezewa. Wengi walimbishia. Saksafoni, ambayo mwili wake ni wa shaba huku sauti yake ikikaribia ya ala za mbao, ilikuwa ndiyo hoja yake kubwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1840 alionyesha saksafoni ya besi mjini Brussels. Inasimuliwa kuwa aliipiga akiwa nyuma ya pazia, kwa kuhofia wapinzani wasije wakaiga umbo lake kabla hajalindwa na sheria. Inasimuliwa pia kuwa kwenye maonyesho ya Brussels waamuzi walimnyima medali ya dhahabu kwa sababu ya ujana wake. Mwaka 1842 aliondoka Ubeligiji na kwenda Paris.

Ushindi uwanjani, vita mahakamani

Mjini Paris alipata rafiki mwenye sauti kubwa, mtunzi Hector Berlioz, aliyekuwa pia mwandishi wa magazeti. Mwezi Juni 1842 Berlioz aliisifu saksafoni gazetini wakati ambapo karibu hakuna aliyekuwa ameiona. Mwanzoni mwa mwaka 1844 aliendesha tamasha ambamo wimbo wake ulipigwa kwa ala za Sax, na Sax mwenyewe akiwa miongoni mwa wapigaji.

Siku iliyobadilisha maisha ya fundi huyo ilikuwa tarehe 22 Aprili 1845. Jeshi la Ufaransa lilitaka kufufua bendi zake, kwa hiyo bendi mbili zilishindanishwa kwenye uwanja wa Champ-de-Mars mbele ya maelfu ya watu. Moja ilitumia ala za zamani, na nyingine ilitumia ala za Sax. Umati uliipigia makofi bendi ya Sax, na mwaka huo huo serikali ikaamuru ala zake ziingizwe jeshini. Mwaka 1846 alipata hataza ya saksafoni. Hati hiyo haikueleza ala moja bali ukoo mzima, kuanzia zenye sauti nyembamba hadi zenye sauti nzito kabisa. Miongoni mwao alitaja saksafoni ya chini mno aliyoiita bourdon, ambayo ingelia oktava moja, yaani ngazi nzima ya noti, chini ya ile ya besi.

Ushindi huo ulimletea maadui. Mafundi wa Paris waliokuwa wakiliuzia jeshi ala kwa miaka mingi waliona riziki yao ikihamia kwa mgeni kutoka Ubeligiji. Waliungana, wakachanga fedha na kumfungulia kesi za kutaka hataza zake zifutwe. Hoja zao ziligongana: mara walidai kwamba ala yake haikuwa kitu kipya, mara kwamba haiwezekani kutengenezwa. Wasimulizi wanaeleza kuwa baadhi yao walizichukua saksafoni zake, wakafuta alama ya karakana yake na kuzipitisha nchi za nje, ili zionekane zilikuwapo kabla yake. Kesi hizo zilichukua zaidi ya miaka 10. Sax alishinda nyingi kati yake, lakini mawakili walilipwa kwa fedha ambazo zingeendesha karakana.

Siasa nayo ilimgeukia. Mapinduzi ya mwaka 1848 yalimwondoa Mfalme Louis-Philippe, na pamoja naye wakaondoka wakubwa waliomlinda Sax. Jeshi liliziweka kando ala zake, na mwaka 1852 akatangazwa kuwa amefilisika. Miaka miwili baadaye Mfalme Napoleon wa Tatu alimrudishia heshima, na ala zake zikarejea kwenye bendi za jeshi.

Ugonjwa, darasa na kaburi

Wakati huo huo mwili ulikuwa ukimsaliti. Uvimbe ulimwota mdomoni na kukua hadi ikawa vigumu kula, na kwa mtu aliyeishi kwa kupuliza ala hilo lilikuwa pigo la namna yake. Madaktari walikusudia kumpasua na kuondoa sehemu ya taya. Kabla ya hilo kutendeka alimwendea tabibu mmoja mweusi aliyevuma Paris kwa jina la Daktari Mweusi, aliyetumia dawa za mimea. Mwaka 1859 uvimbe ulikuwa umetoweka, na Sax aliamini kuwa tabibu huyo ndiye aliyemponya. Tabibu mwenyewe baadaye alihukumiwa mahakamani kwa kutibu watu bila kibali.

Mwaka 1857 chuo kikuu cha muziki cha Paris kilifungua darasa la saksafoni kwa ajili ya wanajeshi, na Sax akawa mwalimu wake. Darasa hilo lilifungwa mwaka 1870, Ufaransa ilipoingia vitani dhidi ya Prussia, na halikufunguliwa tena maishani mwake. Hataza ya saksafoni ilikuwa imekwisha muda mwaka 1866. Tangu hapo fundi yeyote aliruhusiwa kuitengeneza bila kumlipa chochote. Alifilisika tena mwaka 1873, na mara ya tatu mwaka 1877. Ala alizokuwa amezikusanya kwa miaka mingi ziliuzwa kwa mnada ili kulipa madeni.

Alipokuwa na umri wa miaka zaidi ya 70 aliandika ombi kwa umma wa Ufaransa akieleza dhiki yake. Watunzi mashuhuri, wakiwemo Camille Saint-Saëns na Jules Massenet, walimwombea msaada serikalini, naye akapata kiinua mgongo kidogo. Alifariki dunia mjini Paris mwezi Februari 1894 akiwa na umri wa miaka 79, na akazikwa katika makaburi ya Montmartre. Saksafoni wakati huo ilikuwa bado ala ya bendi za jeshi, iliyopuuzwa na okestra nyingi. Hakuishi kuiona ikipendwa duniani kote.

Kutoka Paris hadi maziwa makuu

Umaarufu ulikuja baada ya kifo chake. Viwanda vya Marekani vilianza kutengeneza saksafoni kwa wingi, na katika miaka ya 1920 wanamuziki weusi wa jazi wakaipa maisha mapya. Wakati huo hata saksafoni ya besi ilipata nafasi. Mitambo ya zamani ya kurekodi santuri ilishindwa kunasa vizuri sauti ya besi la nyuzi, lakini sauti ya saksafoni hiyo iliingia barabara. Adrian Rollini wa Marekani alionyesha kwamba ala iliyodhaniwa kuwa nzito kupita kiasi inaweza kuruka na kucheza kama ndogo. Mitambo ya umeme ilipoenea na besi la nyuzi likasikika, saksafoni ya besi ilirudi kwenye giza.

Katika Kongo, iliyokuwa chini ya Ubeligiji kama ilivyokuwa Burundi hadi tarehe 1 Julai 1962, ala za kupuliza zilifika na bendi za jeshi na za misheni. Baadaye sahani za santuri kutoka Kuba na Marekani ziliwafundisha vijana wa Léopoldville namna nyingine ya kuzitumia. Jean Serge Essous kutoka Brazzaville alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa OK Jazz mwaka 1956. Isaac Musekiwa, aliyetoka kusini katika nchi inayoitwa leo Zimbabwe, aliipiga saksafoni katika bendi hiyo hiyo. Manu Dibango wa Kamerun alijiunga na African Jazz ya Joseph Kabasele mwanzoni mwa miaka ya 1960, na Verckys Kiamuanga Mateta akaacha alama yake katika OK Jazz kabla ya kuunda bendi yake. Kwa njia ya redio na santuri, sauti hizo zilivuka ziwa na kuingia katika mitaa ya Bujumbura. Nyakabiga na majirani zake wanazisikiliza hadi leo.

Bomba lililokunjwa

Lilibaki swali ambalo Sax aliliacha kwenye hataza yake: je, saksafoni inaweza kushuka hadi wapi? Ugumu wake ni rahisi kueleza. Ili sauti ishuke oktava moja, bomba linapaswa kuwa na urefu mara mbili. Na kwa kuwa bomba la saksafoni hupanuka kadiri linavyorefuka, upana wa mdomo nao huongezeka, vivyo hivyo matundu, vifuniko na uzito. Saksafoni ya kontrabesi, iliyo chini ya baritoni kwa oktava moja, husimama kwa urefu wa karibu mita 2 na kufikia uzito wa kilo 20 hivi. Mpigaji huisimamisha sakafuni kama mtu aliyekumbatia nguzo. Zilitengenezwa chache sana, na ile iliyoitwa bourdon ilibaki kwa miaka mingi kuwa jina kwenye karatasi.

Mwaka 1999 fundi Benedikt Eppelsheim wa mjini Munich, Ujerumani, alileta jibu. Alibuni ala aliyoiita Tubax, jina linalounganisha tuba na saksafoni. Aliupunguza upana wa ndani wa bomba, kisha akalikunja mara kadhaa, likapanda na kushuka na kupanda tena, hata ala yenye sauti ya kontrabesi ikawa na kimo kinachokaribia cha baritoni, ambacho mtu mmoja anaweza kukibeba. Baadaye alitengeneza Tubax ya chini zaidi, inayofika kwenye eneo la sauti ambalo Sax alilitaja mwaka 1846. Nchini Brazil nako mafundi walitengeneza saksafoni za chini kabisa kwa mtindo wa kukunja bomba.

Wapo wataalamu wanaobisha. Wanasema kwamba Tubax, kwa kuwa uwazi wake wa ndani ni mwembamba kuliko ulivyopaswa kuwa kwa vipimo vya kale, si saksafoni kamili. Ubishi huo unarudi kwenye hoja aliyoitetea Sax mbele ya mahakimu, kwamba vipimo vya ndani ndivyo vinavyoamua ala ni nini. Kwa upande mwingine, fundi wa Munich alifuata mwenendo wa Sax wa mwaka 1838: alianza na sauti aliyoitaka, kisha akatafuta umbo ambalo mwili wa binadamu unaweza kulimudu.

Dinant sasa inajivunia mwanawe. Daraja la mji huo juu ya mto Meuse limepambwa kwa saksafoni kubwa za rangi, na kabla ya kuja kwa sarafu ya euro picha ya Sax ilichapishwa kwenye noti ya faranga 200 ya Ubeligiji. Heshima hizo zilimfikia akiwa kaburini. Akiwa hai, alipewa kesi nyingi kuliko medali, na waliomshtaki majina yao yamesahauliwa.

Jioni nyingine, wimbo wa zamani utakapopigwa katika nyumba moja ya Nyakabiga, masikio yataifuata kwanza saksafoni inayoimba kwa sauti ya juu. Atakayesikiliza kwa makini chini yake ataisikia sauti nzito inayoubeba wimbo wote, mara nyingi ya gitaa la besi. Sauti ya namna hiyo ndiyo iliyomsumbua Adolphe Sax tangu ujanani, na kwa ajili yake alitengeneza bomba kubwa lililozaa ukoo mzima wa saksafoni.